Mwezi Mchanga

Sinia ya kuokea niliiazima jikoni.
Unga wa ngano kilo mbili, juu yake kakao iliyochungwa,
imetulia kama vumbi lisilojua upepo.
Klabu ya sayansi, Sudbury, Januari,
mabomba ya joto yakigongagonga ukutani.
"Nani ataangusha gololi kubwa?"
Watoto tisa, mikono kumi na miwili.

Maëlle akapanda kitini. Puu!
Weupe ukaruka juu ya hudhurungi,
miale ikafika hadi kwenye sweta ya Oskari,
naye hakujipangusa: alitaka apimwe.
Tukampima. Sentimita arobaini na moja,
kutoka ukingo wa shimo hadi kifungo cha pili.

Kisha nyuzi. Tukazitandaza, kushoto herufi, juu namba,
kila mtoto na mraba wake,
asichungulie wa jirani.
"Chora unachokiona, si unachokijua,"
maneno niliyoachiwa na mwalimu mmoja Korogwe
siku tulipochora jani la muhogo
na wote tukalipa vidole vitano bila kuvihesabu.

Halafu nikawapa picha za mwezi wenyewe,
na ugomvi ukaanzia hapo.
Keegan: ni shimo. Maëlle: ni kilima, kimevimba, tazama!
Wakaipindua karatasi,
na kweli, shimo likawa kichuguu.
Macho yote kwangu, nitoe hukumu.
Nami nilikuwa sijui jua lilitokea upande gani.
"Ulizeni kwanza taa iko wapi,"
nikasema kwa sauti ya mtu anayejua.
Ni Oskari aliyeuona mshale mdogo pembeni.
Lilikuwa shimo.

Wa leo, nikawaambia, kwetu huitwa mwezi mchanga.
Nikacheka peke yangu.
Ningeanzia wapi kuwaeleza
kwamba neno hilohilo ni utoto, na ni kile
kinachobaki mwamba ukisagwa mpaka uchoke?
Nikaliandika ubaoni. Wakalisoma vibaya, wakalipenda.
Keegan akalinakili kwenye mraba D4,
ambako gololi haikufika,
ambako hapakuwa na kitu cha kuchora.

Saa kumi na moja na robo, nje,
nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Ukucha mwembamba juu ya milima ya takataka za nikeli.
Wakauonyesha kwa glavu, kila mmoja akidai
anauona mraba wake.
Baba yake Keegan akashusha kioo cha pikapu.
"Baba, unajua tunaishi ukingoni mwa shimo?
Jiwe lilianguka hapa kutoka juu!"
"Najua," akasema. "Mimi nashuka humo kila siku."

Mpishi anaitaka sinia yake kesho, mapema.
Nimesimama nayo karibu na sinki,
maji yanatiririka,
bado sijaiinamisha.