Kutoka Moja Hadi Tano

Simu ililia nikiwa Gongoni, mikono imejaa nta,
nikaibana kwa bega.
Sauti ya binti, laini, ya kufundishwa:
"Mama Sizya, kutoka moja hadi tano,
umeridhika kwa kiasi gani na huduma zetu?"

Subiri, mwanangu, nifute mikono.

Ng'ombe alikuwa mweupe. Andika hilo kwanza,
maana kwenye fomu yenu hakuwa na mahali.
Novemba, mvua ya kwanza, barabara ya Sikonge,
pikapu ina madumu kumi na nane ya asali,
ng'ombe akatoka porini
kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani.
Nikamkwepa.
Mninga haukunikwepa mimi.

Madumu saba yakapasuka.
Nyuki wakafika kabla ya magharibi.
Trafiki akafika usiku na tochi ya simu.
Mkadiriaji wenu alifika siku ya kumi na moja,
gari limeshaburutwa hadi kituoni
na nyuki nao wamehamia huko huko;
akapiga picha kioo kikiwa juu, injini inaunguruma,
akaandika: taa moja, bampa, rejeta.
Chesisi iliyopinda hakuiona.
Chesisi haionekani kwa mtu asiyeshuka.

"Mama, naomba namba tu."

Namba ninazo.
Laki saba na themanini kwa mwaka, bima kubwa,
nililipa kwa mkupuo, sikuomba nipewe hata wiki.
Fundi Mihambo alisema milioni moja na laki tisa.
Mkakata laki mbili na nusu, mkaiita fungu la mteja.
Mkakata uchakavu, laki tano na tisini,
kana kwamba gari langu lilizeeka usiku ule.
Asali hamkuigusa. Asali, mlisema, si gari.
Ikabaki milioni moja na elfu sitini,
baada ya siku sabini na nne.
Katika siku hizo nyuki huzaliwa,
akachapa kazi, akafa,
na bado zikabaki siku za matanga.

Ndugu yangu Nyanzobe, yule wa Nzega,
yuko kampuni nyingine, nafuu kwa laki nzima.
Mwaka wa tatu huu anaisifu.
Nikamuuliza, umeshagonga?
Akasema, Mungu apishie mbali!
Basi huyo anasifu mwavuli wakati wa kiangazi.

Ila mnaye Kalunde, wakala wenu karibu na stesheni,
ofisi ya meza moja na feni isiyozunguka.
Alikuja usiku ule ule kwa bodaboda, amelowa,
akalipa gari la kuvuta kwa fedha ya mfukoni
(hamjamrudishia, msidhani sijui),
na dumu lililokuwa linavuja
akaliziba kwa kanga yake mwenyewe, doti mpya.
Kalunde mpe tano.
Ninyi jipeni mbili:
moja ya hicho mlichotoa,
moja ya adabu yako wewe unayenisikiliza.

"Mfumo unapokea namba moja tu, Mama."

Mbele ya meza mteja ananionyesha chupa, nusu lita bei gani,
nikamwashiria asubiri.
Binti, nikisema mbili,
nani ataitwa kuulizwa?

Akakawia. Nikasikia nyuma yake
sauti nyingine nyingi, laini, za kufundishwa,
zikiuliza watu wengine wa mikoa mingine.
"Wakala, Mama. Zinahesabiwa kwa wakala."

Andika tano.

Akashukuru, akanitakia siku njema,
na mahali fulani pameandikwa sasa
kwamba Tabora imeridhika.

Nilipita Sikonge juzi, kwa gari la watu.
Kwenye gome la ule mninga doa bado lipo,
nyuki wawili watatu wanalikagua
bila haraka, kwa karibu.
Stika yangu inakwisha tarehe tisa.