Dirisha la Pembeni

Shmuni anataka dirisha pembeni mwa nyumba,
pembeni kabisa, kuta mbili zinapokutana,
kwa kuwa ni hapo tu, anasema,
barabara ya Midyat huonekana hadi inapopinda.
Miaka kumi na mitatu tangu Aho aende Uswidi.
Hatukumuuliza anangoja nini.

Baba amekwisha kugonga jiwe kwa kifundo cha kidole.
Jiwe la machimbo ya juu, leo rangi ya siagi,
jua likishalila miaka kumi litakuwa asali.
"Tao bapa," anasema, "kama la nyumba ya mamake."
Mimi napima kilichobaki kati ya uwazi na pembe:
sentimita arobaini.
Napima tena. Arobaini.

Baba, tao halikai tu juu ya ukuta.
Tao ni walevi wawili walioegemeana vichwa,
miguu inawateleza kila mmoja upande wake,
na kadiri wanavyoinama ndivyo inavyoteleza.
Kushoto kuna ukuta mrefu wa kumzuia mmoja.
Kulia kuna hiki kipande,
mgonjwa aliyeambiwa azuie mlango.

Nikachora ukutani kwa mkaa.
Pembetatu juu ya uwazi: huu ndio mzigo.
Mawe yaliyo nje yake yanajibeba yenyewe,
majirani wema wasiokuletea shida zao.
Kisha tao la kimo cha shibiri, na mshale wa msukumo.
Kisha la kimo cha shibiri mbili, upana uleule,
na mshale nusu ya ule wa kwanza.

Baba akautazama mkaa, akatema vumbi.
"Dirisha la Hanno," akasema,
"lilipasuka mwaka wa theluji kubwa. Tukasema ni kijicho."
"Lilikuwa wapi?"
Akachukua timazi, akaizungusha uzi wake
taratibu, kama mtu anayefunga jambo.
"Pembeni."

Basi tao lipande. Lakini juu kuna boriti za dari,
haliwezi kupanda; mabega ndiyo yashuke.
Nikamwendea Shmuni, nikamwambia kwa aibu:
kando kando utaona jiwe tu.
Barabara utaiona ukisimama katikati.
Akaangalia kimo chake, akaangalia mkaa wangu.
"Nina macho mawili," akasema, "na yote yako katikati."

Siku tisa. Kiunzi cha mbao za mpopla,
mawe kumi na matatu ya kabari,
sita huku, sita huku,
la kati Baba akalishusha kwa nyundo ya mti,
akisikiliza, sikio karibu na jiwe,
mpaka mlio ukabadilika
kutoka mtungi mtupu hadi mtungi uliojaa.

Tulipolegeza kabari za chini
tao lilishuka unywele mmoja.
Niliona. Baba aliona. Hatukutazamana.
Nikaweka kiganja kwenye kile kipande cha kulia,
arobaini, baridi, kimya,
nikakiacha hapo hata mkono ukafa ganzi.

Shmuni alikuja kuuliza
kama mbao zile bado zina kazi.
Hazina.
Akazibeba mwenyewe, mikondo miwili,
akawashia tanuri.
Tulikula mkate wake tumekaa chini ya dirisha,
na yeye alikula amesimama.