Duara Zisizo na Majina

Namba yetu ilikuwa arobaini na moja.
Baba alivaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili,
kilemba cha Iddi, bakora mkononi,
kana kwamba tumekuja Seeb kuposa,
si kutolewa damu.

Mshauri Ghaniya alitandaza karatasi mezani.
Mwanamume ni mraba, akasema. Mwanamke, duara.
Aliyeugua tunampaka wino.
Aliyekufa tunampitishia mstari.

Baba akasafisha koo, akaanza nasaba:
Mimi Zahran bin Muhanna bin Khalfan
bin Nabhan bin Khamis bin Hemed,
akaenda, akaenda,
bila kituo, kama mtu anayeisoma kwenye kiganja.
Miraba ikapandana wima,
mitupu, misafi, mfano wa madirisha ya ngome.

"Na wanawake?"

Kiyoyozi kikaunguruma peke yake.

"Wanawake," Baba akasema, "walikuwepo."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.
Mshono wa chini ya kwapa ulikuwa ungali unawasha,
na tangu nilipoambiwa nina nini
kina shangazi walikwisha toa hukumu:
haya ni ya kwa mama yake,
sisi kwetu Ibra hatuna ugonjwa huu.
Mama hakujibu.
Mama huosha vikombe vya kahawa
hata vilivyo safi.

"Mama yako mzazi, mzee, aliitwa nani?"
"Shinuna."
"Alifariki na nini?"
"Kifua."
Ghaniya akainua kalamu, taratibu:
"Kifua kipi?
Cha kukohoa, au cha kunyonyesha?"

Bakora ikateleza, ikagonga sakafu.
Hakuna aliyeiokota.

Alikuwa na miaka tisa, akasema,
nyuma ya pazia, amekatazwa kuingia.
Udi ulifukizwa mchana na usiku
kuifunika harufu nyengine.
Aliambiwa ni kijicho cha watu.
Na dada yake Shinuna? Bishara, ndiyo, vilevile.
Na yule mdogo, yule wa Samail,
aliyeachwa na mumewe kabla hajazikwa...
subiri, subiri, jina lake linakuja...
Mafunda!
Akalitamka kwa sauti kubwa
hata waliokaa nje wakageuka.

Duara, wino. Duara, wino. Duara, wino.

Herufi moja tu imekosewa, Ghaniya alieleza,
katika neno refu kuliko barabara ya Salala.
Mwanamume anaweza kuibeba
na isimguse.
Baba, mtoto wa falaji, alielewa kabla yangu:
mfereji wa saruji hauoti kitu,
lakini maji yanafika shambani.

"Basi ni mimi," akasema.
Halikuwa swali.
Akakunja mkono wa kanzu hadi kwenye kiwiko.
Huyu ambaye siku ya kuchinja hugeukia ukutani
aliitazama damu yake ikipanda kwenye kichupa
hadi nesi akachomoa sindano,
akambandikia pamba.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano,
lakini yeye hakungoja majibu.
Jioni ileile aliingia jikoni,
mahali ambapo sijapata kumwona,
akakipokea kikombe mkononi mwa Mama,
akakifuta kwa kitambaa.
Kisha cha pili.
Mama akamwachia na sinia.

Mdogo wangu Thuraya hataki kupimwa.
"Nusu kwa nusu?" aliniambia.
"Basi niacheni kwenye nusu yangu."
Anafunga ndoa mwezi wa Rajabu.
Jina lake Ghaniya ameliandika kwa penseli
chini ya duara nyeupe, pembeni mwa karatasi,
karibu na yangu.

Sijamsukuma.
Jana usiku alinipigia simu, saa sita kasoro.
Tuliongea bei ya vitambaa, saa nzima,
hariri ya Matrah imepanda,
na mara mbili alinyamaza
nikamsikia anahema,
nami nikangoja,
kisha akaniuliza kijani gani kinamfaa.