Swali la Tisa

Mwaka themanini na tisa nilianzia Pasua,
penseli sikioni, madodoso kwapani.
Swali la tisa: Taja majirani zako watatu.
Mama Ndeshi hakukoma kwa watatu.
Alitaja hadi anayekohoa usiku,
hadi mpangaji aliyehama na ndoo ya kuazima.
Mistari ikaniishia, nikaandika pembeni.

Nikavuka reli hadi Shanti Tauni:
jina la mabanda, mitaa ya mijakaranda.
Moshi haujawahi kuona haya kwa utani huo.
Huko alinijibu mlinzi, getini:
"Jirani? Labda yule mwenye mbwa wawili."

Jioni, kwenye ramani, nikapaka nyekundu, nikapaka buluu.
Rangi zile zikanipa shahada, zikanipa uprofesa,
na siku moja kiinua mgongo.

Juzi Aikande, mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
alibisha geti langu
(ndiyo, la Shanti Tauni; nalo lina kengele)
akafungua dodoso lile lile,
hata kosa langu la tahajia ukurasa wa pili
hawajalisahihisha.
Akashuka nalo taratibu, maji, umeme, choo,
mpaka la tisa.

Nikatazama ukuta.
Ng'ambo pampu ya maji ilikuwa ikinguruma;
sauti yake naijua, mwaka wa sita huu.
Mwenye pampu simjui.

"Andika sifuri," nikamwambia,
"na pembeni, kama pana nafasi..."

Nafasi ilikuwepo, tele.