Hela Hairudishwi

Wa kwanza kurudi alikuwa Ambakisye wa viazi,
magambuti yamejaa tope la Kiwira,
akaiweka memori kadi juu ya kioo
kama mtu anayerudisha yai viza.
"Umeniwekea wimbo mbovu. Wa saba unakata."
Nikamwambia labda ni simu yako.
"Simu yangu inapiga kwaya za msibani usiku kucha,
haijawahi kukata."

Huu ni mwaka wa tisa niko hapa stendi ya Tukuyu,
nauza nyimbo kwa idadi, kumi kwa mia tano,
na sijaona albamu inayogombewa hivi.
*Chenji*, ndilo jina lake. Nyimbo kumi na moja
za Tusekile Mwasandube, yule yule
aliyekuwa akitupimia maziwa kwa kikombe cha bati
na kujaza hadi povu, halafu anapuliza povu,
anaongeza.

Walimu wanataka wa pili,
kwa sababu umeusema mshahara wao bila kuutaja.
Bodaboda wanataka wa nne peke yake, mara kumi, hela ile ile,
eti mdundo wake unapanda mlima bila kubadili gia.
Atupele wa saluni ameukasirikia wa tisa:
maneno yale aliyasema yeye, jikoni, harusini kwa dada yake,
na nani kampelekea Tusekile?
Anaununua hata hivyo. Kila mteja lazima ausikie ugomvi wake.

Mzee Gwakisa, aliyepiga besi hadi kidole kikapinda,
alizisikiliza zote amesimama, mwavuli wazi,
maji yakinichuruzikia kwenye kompyuta.
"Huyu mtoto ana sauti," akasema.
"Sasa nani kamficha nyuma ya mashine?"
Akalipa. Anataka, alisema, kulaumu akiwa na ushahidi.

Lakini wakifika wa saba, wote wanarudi kwangu.
Wiki moja nimerudisha elfu nne na mia tano.

Wa saba una gitaa moja tu.
Ubeti wa pili, katikati ya neno maziwa,
anafika *mazi*
na ananyamaza.
Sekunde nne. Mvua juu ya bati.
Mtu anakohoa chumba cha pili.
Kisha Tusekile anasema, taratibu, "Ngoja,"
na analianza neno upya.

"Kosa la kitoto, studio ilikuwa imelala?"
"Ni mbwembwe, siku hizi wanalipwa kukosea."
"Ni toba," akasema mke wa mchungaji,
na hakuna aliyemuuliza ya nini.

Subilaga alikuja jioni, sweta juu ya sare nyeupe,
anakwenda zamu ya usiku.
Hakudai hela. Aliuliza kama naweza kumkatia
zile sekunde nne, hizo tu.
Nikauliza za nini.
"Kikohozi kile nakijua. Kitanda cha kumi na mbili, dirishani.
Mara mbili, halafu moja,
halafu anatuomba radhi kwa kelele."

Nikakata. Kompyuta haikubali faili lisilo na jina,
nikaandika: saba na nusu.
Mia tano yake nikaisukuma irudi upande wake wa kioo.
"Ndaga," akasema, akakimbia mvuani na simu kifuani.

Wakiniuliza mimi, wa tano ni mrefu mno
na wa kumi na moja ungeweza kubaki Dar.
Nasema hivyo waziwazi, ni biashara yangu,
ila huo mwingine siku hizi sisemi kitu.
Usiku ule nilishusha shata nikiwa ndani,
nikaurudia, nikaurudia,
mvua yake na mvua yangu zikagongana juu ya bati
hadi nikakosa kujua ipi ni ipi.

Asubuhi nikachukua boksi la sabuni, kalamu nene,
nikabandika mlangoni, herufi kubwa
hata Ambakisye azione akiwa ng'ambo ya barabara:

WIMBO WA SABA HAUJAHARIBIKA.
HELA HAIRUDISHWI.