Swali la Saba

Swali la saba kwenye fomu ni hili:
Umevuta sigara pakiti ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi?
Nalisoma kwa sauti yangu ya ofisini,
kalamu tayari, macho kwenye kisanduku.

Syomiti anacheka. Kicheko kinakatwa na kikohozi,
kikohozi kinazimwa na leso.
"Sigara? Mimi? Hata marehemu nilimfukuza akavutie nje."

Naandika sifuri.
Kompyuta inazidisha yenyewe:
sifuri mara umri wote wa mtu, sifuri.
Hastahiki kupimwa. Asante kwa kushiriki.

Lakini bado ameketi.
Mvua ya Aprili inapiga mabati ya maegesho.
Kwenye kiroba chake mna filamu tatu za eksirei
na kadi mbili za kliniki ya kifua kikuu:
miezi sita Kariobangi, miezi sita tena Mbagathi.
Makohozi hayakuonyesha mdudu hata siku moja.
Dawa akameza, mkojo ukageuka rangi ya chungwa,
na doa likabaki palepale, juu upande wa kulia,
kama mpangaji aliyekataa notisi.

"Niulize ya makaa," anasema.

Gunia moja, siku nne.
Tangu mwaka wa themanini na moja, chai na mandazi,
kibanda cha mlango mmoja, bila dirisha,
maana dirisha ni la mwizi.
Majiko mawili saa kumi za alfajiri,
watoto wanne mgongoni kwa zamu.
Masika makaa huja mabichi,
na moshi unakaa ndani, hauagi.

Nahesabu pembeni mwa karatasi, pasipo na kisanduku:
magunia tisini kwa mwaka,
mara miaka arobaini na miwili.
Elfu tatu, mia saba na themanini.
Sijui ni utafiti gani wenye mstari wa namba hiyo.
Namjua mama yangu, Mutomo, jiko la mafiga matatu,
na neno moja kwenye cheti chake cha kifo
lililoandikwa na mtu mwenye haraka.

Daktari Achola alisoma fomu, kisha akasoma pembeni.
Hakusema kitu. Akatoa kijitabu chake mwenyewe
akaandika skani, nje ya utafiti,
akampigia simu mtu anayemdai fadhila.

Baadaye sindano, kati ya mbavu mbili.
Kinyama kidogo kuliko punje ya mtama
kilisafiri kwenye nta hadi maabara nyingine,
nasi tukangoja wiki tatu na siku mbili
kusomewa maandishi ya ndani ya chembe:
herufi chache zimedondoka katika sentensi ndefu,
na kwa kosa hilo, hilo hasa, kuna kidonge.

Kimoja kila asubuhi. Bei yake sitaitaja;
mwanawe wa tatu aliuza pikipiki,
kisha ikaja barua ya msaada, ya miezi kumi na miwili.
"Kitaniponya?"
"Hapana," alisema Achola. "Kitalifunga. Kwa muda."
"Muda gani?"
Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Wengine miaka. Sitakudanganya kwamba najua."
"Basi nipe," akasema, "nami nitoboe dirisha."

Kwenye kikao cha Ijumaa niliuliza
kama swali la saba linaweza kuongezwa mstari.
Waliniambia fomu imepitishwa na kamati,
fomu haibadilishwi katikati ya safari.
Ni kweli. Mimi ni karani.

Jumatatu mlango ulibishwa kabla ya saa mbili.
Syomiti, mkohozi wake umepungua, kitambaa kipya kichwani,
na nyuma yake wanawake wawili wa soko lake,
viatu vyao vikiwa na tope la Korogocho.
Nilivuta fomu. Nikaigeuza upande usio na kitu.

"Mimi," akasema wa kwanza kabla sijauliza, "ni kuni."
"Na mimi mafuta ya taa."