Namba Nne, Ilazo

Mbukwa, mgeni wa namba nne.
Miezi kumi na moja nakufulia shuka
na sura yako siijui.
Unaingia usiku, treni ikishamwaga watu wake,
ufunguo unautoa kwenye kisanduku cha tarakimu;
alfajiri gari la Mtumba linakuchukua,
na mimi saa mbili napanda ngazi na ndoo.

Lakini nakujua.
Unalala upande wa dirisha, wa ukutani hauguswi.
Chai unanywea kikombe chenye ufa
ingawa vizima vimo vitano.
Makabrasha unayachana vipande vinane vinane,
na bado nasoma: kilomita, kilomita, makadirio.
Mara moja, pipani, mchoro wa mtoto:
nyumba, jua, watu wawili wameshikana mikono,
wa tatu yuko pembeni kabisa, na begi.
Hapana, nisikusingizie. Haukuwa pipani.
Ulidondoka nyuma ya friji.
Niliubana tena mlangoni kwa sumaku,
na ulipoondoka nikauficha kwenye kabati la mafagio,
maana Bi. Mawope, mwenye nyumba, amri yake ni moja:
chumba kiwe kama hakijawahi kulaliwa.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Hapa siku ya tatu tunampa taulo na ankara.

Wewe jembe ulilitafuta mwenyewe.
Mwezi wa tatu nikakuta barazani ndoo ya rangi,
udongo mwekundu, na kijiti kimechomekwa katikati
kikavu kama mswaki uliosahauliwa.
Karatasi: *Dada, huu ni mzabibu wa Mpunguzi.
Naomba maji, hata yaliyooshea mboga.*

Nilicheka peke yangu, nikakaa chini nikacheka.
Kwetu Nkuhungu maji yanakuja Jumanne, usiku wa manane,
tunayakinga kwa foleni ya madumu,
nawe unaniomba ninyweshe kuni!
Nikanywesha.

Nyuma ya risiti nikakuandikia: *Umetoa jicho.*
Uliporudi ukajibu: *Mangapi?*
*Mawili. Moja limeliwa na panzi.*
*Pole yake.*
*Pole yetu.*
Hayo ndiyo mazungumzo yetu, mwezi kwa mwezi.
Ukaacha elfu kumi chini ya ndoo; sikuigusa.
Ukaacha sukari kilo moja; hiyo nilichukua.
Juni, upepo wa baridi ukitikisa mabati,
niliuvisha gunia mpaka shingoni.
Siku moja nilitaka kuandika na jina langu, Sechelela,
nikaona risiti ni ndogo.

Mwezi huu hukuja.
Nimesikia kwa mlinzi: mradi umekwisha,
barabara imefika au imeishiwa, hakujua lipi.
Bi. Mawope akatuma orodha mpya:
*Kisichomo kiondolewe.*
Vijiko sita. Uma sita. Sufuria tatu.
Pazia jozi mbili. Pasi moja.
Na kando ya kila kitu, bei kikipotea.

Nikatoka barazani.
Mzabibu wako umeshika nondo ya pili,
vidole vyake vyembamba vimejizungusha mara tatu,
ukiuvuta unasikia kabisa unakataa.
Nikarudi mezani nikachukua kalamu,
chini ya pasi nikaandika, kwa mwandiko wa kufanana na wao:
*Mzabibu, mmoja.*
Kwenye bei nikaacha wazi.

Bi. Mawope alipiga simu. Akauliza, huo nao ni bei gani?
Nikasema, mama, mtandao unakatika.

Jana ameingia mwingine, wa mambo ya kompyuta,
mikoba miwili, anaongea na sikio lake.
Leo nimekuta ameanika soksi kwenye tawi la kushoto.
Sijazitoa.
Upepo wa Ilazo utazikausha kabla ya saa nne,
na tawi, nimeliangalia,
limeinama kidogo tu.